Mhariri, 0.30 si asilimia 30

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie makala iliyotoka hivi karibuni katika ukurasa wa afya, iliyohusu dawa za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni. Mwandishi alieleza kwa usahihi kwamba mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 522 yenye washiriki 116,477 na kulinganisha dawa 21, na kwamba kila moja ya dawa hizo iliishinda dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani kinachotolewa kwa ajili ya kulinganisha. Hadi hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu unaanzia kwenye sentensi iliyofuata, iliyosema kwamba kwa jumla dawa hizo “huponya asilimia 30 ya wagonjwa”. Uchambuzi ule haukusema hivyo mahali popote. Ulichosema ni kwamba ukubwa wa athari ya dawa zote kwa pamoja ulikuwa 0.30, na hiyo 0.30 si sehemu ya wagonjwa, si sehemu ya ugonjwa, wala haina uhusiano wowote na mia moja.

Nisingejisumbua kuandika kama kosa lingeishia kwenye karatasi. Siku ile ile jirani yangu, ambaye anatumia mojawapo ya dawa hizo kwa mwaka wa pili sasa, alinijia na gazeti mkononi akaniuliza, “Mwalimu, sasa mimi nimo katika wale 30 au katika wale 70?” Nimefundisha takwimu za afya kwa miaka mingi, na bado ilinichukua nusu saa na vikombe viwili vya chai kumweleza kwa nini swali lake, kama lilivyoulizwa, halina jibu. Barua hii ni nusu saa ile, bila chai.

Nianze na palipo rahisi. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio la AQUAMAT, lililofanyika katika nchi tisa za Afrika zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, ambamo watoto 5,425 waliolazwa kwa malaria kali waligawanywa kwa nasibu, wengine wakapewa atesuneti na wengine kwinini. Katika kila watoto 100 waliopewa atesuneti walikufa 8.5, na katika kila 100 waliopewa kwinini walikufa 10.9. Miaka mitano kabla ya hapo jaribio la SEAQUAMAT huko Asia, ambalo washiriki wake wengi walikuwa watu wazima, lilikuwa limepata vifo 15 katika kila 100 kwa atesuneti na 22 kwa kwinini. Anayetaka kuyaunganisha majaribio hayo mawili ana kazi ya kuamua kila moja lipewe uzito gani, na ana wajibu wa kujiuliza kama watoto wa Afrika na watu wazima wa Asia wanaweza kuhesabiwa pamoja, lakini hana haja ya kuuliza kifo cha Muheza kinapimwaje kikilinganishwa na kifo cha Bangladesh. Kifo hakina skeli, yaani kipimo cha alama.

Huzuni inayo, tena si moja. Skeli ya Hamilton, iliyobuniwa mwaka 1960, ina vipengele 17, hujazwa na daktari, na alama zake huanzia 0 hadi 52. Skeli ya Montgomery na Åsberg ya mwaka 1979 ina vipengele 10 na hufika 60. Hojaji ya Beck ina maswali 21, hujazwa na mgonjwa mwenyewe, na hufika 63. Alama tatu za Hamilton hazilingani na alama tatu za Beck, kama vile shilingi tatu za Kenya zisivyonunua kile ambacho shilingi tatu za Tanzania zinanunua, ingawa zote zinaitwa shilingi. Tofauti ni kwamba kwa shilingi ipo benki inayotangaza kila asubuhi kiwango cha kubadilishia, na kwa skeli za huzuni benki hiyo haipo.

Watakwimu waliamua kujitungia kiwango chao. Gene Glass, Mmarekani ambaye mwaka 1976 ndiye aliyeupa uchambuzi wa aina hii jina la metaanalisisi, alikuwa na majaribio ya tiba ya mazungumzo ambayo kila moja lilipima kwa namna yake. Njia aliyoitumia ni nyepesi kuieleza. Unachukua tofauti kati ya wastani wa waliotibiwa na wastani wa wasiotibiwa, kisha unaigawa kwa mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho alama za wagonjwa zimetawanyika kuuzunguka wastani wao. Alama hukatana na alama, na kinachobaki ni namba isiyo na jina la kipimo chochote (ndiyo ukubwa wa athari, au athari sanifu, kama ile 0.30 ya mwanzo), ambayo kwa sababu hiyo inaweza kujumlishwa na nyingine iliyotoka kwenye skeli tofauti kabisa. Mwaka uliofuata yeye na Mary Lee Smith walichapisha matokeo ya tafiti 375 zilizounganishwa kwa njia hiyo. Mwanasaikolojia Hans Eysenck aliyapokea kwa kuyaita upuuzi wa kupindukia, na ingawa historia haikumpa ushindi, nadhani alikuwa amenusa jambo fulani ambalo lilistahili jibu la upole zaidi kuliko lugha aliyoitumia.

Jambo lenyewe ni hili. Mkengeuko sanifu si sifa ya skeli, wala si sifa ya dawa. Ni sifa ya kundi la wagonjwa walioandikishwa. Chukua dawa moja inayoshusha alama tatu za Hamilton popote inapotumika. Ijaribu katika hospitali ya rufaa, ambako wanaandikishwa wagonjwa wenye sonona kali pekee, watu ambao alama zao zimekaribiana, tuseme mkengeuko ni 5. Utapata athari ya 0.6. Ijaribu tena katika zahanati za vijijini, ambako anaandikishwa kila anayefika akiwa na huzuni, nyepesi au nzito, na mkengeuko ni 10. Utapata 0.3. Dawa ni ile ile, nafuu ni alama tatu zile zile, lakini msomaji ataambiwa kwamba hospitalini ilifanya kazi mara mbili zaidi. Wakulima wetu wanaujua ujanja huu vizuri kuliko madaktari. Mnunuzi anayekuja na lumbesa hakudanganyi katika kuhesabu magunia. Kumi ni kumi. Anakudanganya kwa gunia lenyewe, ambalo limeshonewa kilemba juu. Sheria yetu ya vipimo inakataza lumbesa, ila kwenye majarida ya tiba hakuna wakala wa kulikagua gunia, na kazi hiyo imeachiwa msomaji.

Ndiyo maana uchambuzi mzuri hutoa pia jibu katika alama halisi pale inapowezekana. Irving Kirsch na wenzake walipochambua mwaka 2008 majaribio 35 ya dawa mpya za sonona, yaliyopelekwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, walitoa namba zote mbili. Athari sanifu ilikuwa 0.32. Katika skeli ya Hamilton, tofauti kati ya dawa halisi na dawa bandia ilikuwa alama 1.80. Msomaji anayeijua skeli hiyo, ambamo kubadilika kwa usingizi peke yake kunaweza kuongeza au kupunguza alama kadhaa, anapata picha ambayo 0.32 haiwezi kumpa. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, ilikuwa imependekeza kwamba tofauti isipungue alama 3 ndipo ihesabiwe kuwa na maana kwa tiba, na Kirsch akahitimisha kwamba dawa nyingi hazikifikii kiwango hicho isipokuwa kwa wagonjwa walio katika hali mbaya zaidi. Wapinzani wake waliuliza alama 3 zimetoka wapi, na hilo nalo ni swali la haki, kwa kuwa mpaka ule uliwekwa na kamati na si na wagonjwa. Lakini angalau walikuwa wanabishana juu ya kitu kinachoonekana.

Wanaoandika habari za afya hupenda kukimbilia kwa Jacob Cohen, mwanasaikolojia wa New York aliyesema kwamba 0.2 ni athari ndogo, 0.5 ya kati na 0.8 kubwa. Cohen mwenyewe aliitoa migawanyo hiyo kwa tahadhari, kwa ajili ya mtafiti ambaye hana jambo bora zaidi la kushikilia. Haikukusudiwa kuwa hukumu juu ya dawa. Athari ya 0.2 ambayo ni ya bei ndogo na isiyo na madhara inaweza kuwa neema, na ya 0.8 inayomharibu mtu ini ni balaa.

Mhariri, msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Tazama basi majaribio matatu ya karibu na kwetu, yote ya tiba ya mazungumzo inayotolewa na watu wasio madaktari, na yote yakistahili heshima. Kusini mwa Uganda, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba waliokaa katika vikundi vya mazungumzo walishuka kwa wastani wa alama 17.47 na wasiokaa walishuka 3.55, kwa skeli ya Hopkins iliyorekebishwa kwa ajili ya watu wa pale. Harare, mwaka 2016, waliozungumza na bibi waliopewa mafunzo, kwenye lile liitwalo benchi la urafiki, walimaliza wakiwa na tofauti ya alama 4.86 dhidi ya wenzao, kwa hojaji ya Kishona yenye maswali 14 na alama zisizozidi 14. Nairobi, mwaka 2017, kati ya wanawake 421 waliokuwa wamepitia ukatili wa kijinsia, tofauti ilikuwa alama 3.33 katika hojaji ya GHQ-12, ambayo hufika 36. Namba hizo tatu haziwezi kujumlishwa kama zilivyo, na atakayesema kwamba Uganda ilishinda kwa sababu 17 ni kubwa kuliko 4.86 atakuwa amelinganisha shilingi bila kuuliza ni za nchi gani.

Tuzigawe basi kwa mikengeuko yake. Hesabu itakubali, kwa maana hesabu haikatai kitu. Swali linalobaki ni kama kilichopimwa ni kimoja. Watafiti wa Uganda walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe, nao wakataja hali mbili kwa Kiganda, yo’kwekyawa, ambayo ni kujichukia, na okwekubazida, ambayo ni kujihurumia, na skeli ikajengwa kuzunguka maneno hayo. Hojaji ya Zimbabwe imekulia katika neno kufungisisa, ambalo Mswahili yeyote atalielewa akiambiwa ni kufikiri kulikopita kiasi. GHQ-12 ilizaliwa Uingereza na huuliza juu ya msongo kwa ujumla wake. Mimi binafsi naamini vitu hivi vitatu vina ujamaa wa kutosha kuwekwa katika jedwali moja, lakini naamini hivyo kwa sababu nimeyasoma maswali yenyewe moja baada ya jingine, si kwa sababu kompyuta ilitoa namba. Kipo kipimo kiitwacho I², kilichopendekezwa na Higgins na Thompson mwaka 2002, ambacho huonyesha ni sehemu gani ya tofauti kati ya majaribio isiyoweza kuelezwa na bahati tu. Ni kipimo chenye manufaa, ila hakijui kama majaribio yametofautiana kwa sababu tiba ilifanya kazi tofauti, au kwa sababu magunia hayakuwa sawa.

Kuna pia makosa ya mkono, ambayo ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Majarida huandika pembeni ya wastani ama mkengeuko sanifu ama kosa sanifu, na mara nyingi kwa alama ile ile ya kujumlisha na kutoa. Kosa sanifu ni mkengeuko uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wagonjwa, kwa hiyo katika kundi la watu 100 ni moja ya kumi ya mkengeuko. Mchambuzi aliyechukua kosa sanifu akidhani ni mkengeuko ameikuza athari mara kumi bila kuona chochote cha ajabu kwenye skrini. Skeli nyingine huenda kinyume: katika hojaji ya SF-36 alama kubwa ni afya, katika ile ya Beck alama kubwa ni ugonjwa, na anayesahau kugeuza ishara anaifanya tiba nzuri ionekane sumu. Tena wapo wanaoripoti alama za mwisho na wapo wanaoripoti mabadiliko tangu mwanzo. Kama alama za mgonjwa za mwanzo na za mwisho zinafuatana sana, tuseme kwa uwiano wa 0.8, mtawanyiko wa mabadiliko huwa kiasi cha 0.63 tu ya mtawanyiko wa alama, na athari iliyokuwa 0.30 inapanda hadi 0.47 bila mgonjwa hata mmoja kuongezewa nafuu. Peter Gøtzsche na wenzake walichunguza mwaka 2007 chambuzi 27 zilizochapishwa kwa kutumia athari sanifu, wakachukua majaribio mawili tu kutoka kila uchambuzi, na katika 17 walikuta kosa katika angalau jaribio moja. Nami sijitoi: kosa la kwanza kati ya hayo niliwahi kulifanya katika kazi ya shahada ya uzamili, na aliyeligundua alikuwa mwanafunzi mwenzangu, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha.

Je, lipo jibu bora? Yapo mawili ninayoyapenda, na yote yanamrudia mgonjwa. La kwanza limetoka kwa Gordon Guyatt na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ambao mwaka 1989 walieleza namna ya kutafuta tofauti ndogo kabisa ambayo mgonjwa mwenyewe anaiona kuwa na maana katika maisha yake. Kwa wagonjwa wa mapafu wanaojaza hojaji ya CRQ, tofauti hiyo ni nusu alama kwa kila swali katika skeli ya alama 7. Kwa wanaojaza hojaji ya St George, nayo ya mapafu, ni alama 4 kati ya 100. Badala ya kugawa kwa mtawanyiko wa wagonjwa, unagawa kwa tofauti hiyo. Jaribio moja likitoa alama 0.75 za CRQ na jingine alama 6 za St George, yote mawili yametoa nafuu mara moja na nusu ya ile ndogo kabisa anayoitambua mgonjwa, na gunia halibadiliki kwa sababu tu hospitali imeandikisha wagonjwa wa aina nyingine. Pendekezo la kutumia kipimo hiki kuunganisha majaribio lilichapishwa mwaka 2010. Kasoro yake ni kwamba kwa skeli nyingi mpaka huo haujawahi kutafutwa, na ule uliopatikana kwa kuwauliza wagonjwa wa Ontario si lazima uwe wa mgonjwa wa Kigoma anayejibu tafsiri ya Kiswahili. Hapo kuna kazi ya utafiti kwa vijana wetu, tena isiyohitaji maabara.

Lazima pia nionye kwamba wastani ulio chini ya mpaka huo haumaanishi kuwa hakuna aliyefaidika. Wastani wa nusu ya mpaka unaweza kutokana na kila mtu kupata kidogo kisichohisika, au na wachache kupata nafuu kubwa huku wengine wakikosa kabisa, na kwa daktari aliye mbele ya mgonjwa hizo ni habari mbili tofauti.

Jibu la pili ni kugeuza athari kuwa idadi ya watu, na hili ndilo linalofaa gazeti. Tukikubali kwamba alama zimetawanyika kwa umbo la kawaida la kengele, athari ya 0.30 ina maana kwamba, mahali ambapo watu 40 kati ya 100 hupata nafuu kwa dawa bandia, 52 hivi wataipata kwa dawa halisi. Mahali ambapo ni 10 tu wanaopata nafuu bila dawa, watakuwa 16. Faida ni 12 hapa na 6 kule, kwa athari ile ile, na ndiyo sababu hakuna asilimia moja inayoweza kutafsiri 0.30 bila kwanza kusema wasiotumia dawa wanaendeleaje. Hayo ndiyo niliyomweleza jirani yangu. Alisikiliza, kisha akauliza kama yeye ni miongoni mwa wale 40 ambao wangepona vyovyote au wale 12 waliopona kwa dawa, na hapo nilimwambia ukweli, kwamba hakuna jaribio lolote kati ya yale 522 linaloweza kumjibu, ila daktari wake anaweza kumsaidia kulitafuta jibu kwa kufuatana naye hatua kwa hatua, na kwamba asiache vidonge kwa sababu ya sentensi ya gazetini.

Ombi langu kwako ni dogo. Mwandishi wa afya anapoletewa uchambuzi wa aina hii, amwulize mtafiti namba hiyo imegawanywa kwa kitu gani, na kwa watu 100 ina maana gani. Asipopata jibu, aiache namba nje ya habari. Na kwa kuwa makala ile imekwisha kusomwa, naomba sahihisho, ambalo kwa maoni yangu linaweza kuandikwa hivi: “Katika makala yetu kuhusu dawa za sonona tulisema kwamba dawa hizo huponya asilimia 30 ya wagonjwa. Si sahihi. Uchambuzi wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa dawa zote 21 zilizidi dawa bandia kwa watu wazima katika wiki za mwanzo za matibabu, kwa kiasi cha wastani ambacho, ikiwa watu 40 kati ya 100 wangepata nafuu kwa dawa bandia, kinakisiwa kuwafikisha 52. Mgonjwa anayetumia dawa hizi asiziache bila kuzungumza na daktari wake.”

Wako,
Mwalimu wa takwimu za afya,
Morogoro